Besiboli ya Mezani: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ndugu na marafiki wanaonitembelea hapa Pennsylvania, wakishaiona rafu yangu iliyojaa bahasha za kadi na madaftari, huuliza maswali yaleyale. Wengine huuliza kwa hamu, wengine kwa kunionea huruma. Nimeyajibu kwa mdomo hadi nimechoka, sasa nayaandika.

Huu ni mchezo gani hasa?

Ni mechi ya besiboli inayochezwa mezani kwa kadi na dadu. Kila kadi ni mchezaji wa kweli katika msimu wa kweli. Willie Mays wa 1965, aliyepiga hom-rani 52, ana kadi yake. Willie Mays wa 1972, aliyebakiza mwaka mmoja astaafu na kupiga hom-rani 8 tu, ana kadi nyingine, na ukiziweka pamoja utadhani ni watu wawili wasiojuana. Kadi hizi kwa kawaida hazina picha, kwa hiyo usizichanganye na zile za kukusanya zenye sura za wachezaji. Hapa utakuta jina, nafasi anayocheza, na safu za namba. Unapanga kikosi, unachagua mrushaji, unatupa dadu, unasoma kilichotokea, unaandika. Mzoefu huimaliza mechi nzima kwa nusu saa hivi.

Sijui besiboli kabisa. Nitaelewa?

Utaelewa. Mrushaji anarusha, mpigaji anajaribu kuupiga mpira kwa gongo. Akiupiga vizuri anakimbilia besi ya kwanza, ya pili, ya tatu, na akirudi nyumbani timu yake inapata pointi. Mpira ukivuka uzio, hiyo ni hom-rani, anazizunguka besi zote bila mtu wa kumsumbua. Timu ikishatolewa watu watatu, wenzao nao wanashika gongo. Kila timu hupata zamu tisa. Yako mengine mengi, ila kwa kuanzia hayo yanatosha.

Kitu kimoja kishike: besiboli ni pambano la mtu na mtu. Katika soka goli moja hupitia miguu ya watu wengi, na mkikaa kijiweni mtabishana hadi usiku nani hasa aliyelitengeneza. Katika besiboli kila tukio lina mpigaji mmoja na mrushaji mmoja, na Wamarekani wamekuwa wakiyaandika matukio hayo tangu karne ya 19. Ndiyo maana mchezo wao uligeuzika namba kirahisi, na namba nazo zikageuzika mchezo.

Nani aliubuni?

Waliojaribu ni wengi. Katika ukoo wa michezo ninayocheza mimi, babu ni Clifford Van Beek wa Green Bay, Wisconsin, aliyepata hataza mwaka 1925 kwa mchezo ulioitwa National Pastime. Kila mchezaji alikuwa na kadi yake, na kadi ilitokana na takwimu zake. Ulipofika sokoni, mwanzoni mwa miaka ya 1930, uchumi wa Marekani ulikuwa umeporomoka na watu walikuwa wakitafuta mkate. Mchezo ukafa kabla haujajulikana.

Lakini ulikuwa umeshafika Lancaster, hapahapa Pennsylvania, mikononi mwa kijana aitwaye J. Richard Seitz. Yeye na rafiki zake wakaunda ligi yao na kuipa jina la kutisha, American Professional Baseball Association. Mwaka 1951 Seitz, sasa mtu mzima, alianza kuuza kwa njia ya posta mchezo uliotokana na ule wa ujanani, akauita kwa herufi za ligi ile: APBA. Kwa hiyo kampuni iliyodumu zaidi ya miaka 70 inabeba jina la ligi ya vijana ambayo haikuwahi kuwa na kiwanja.

Katikati hapo, mwaka 1941, ulitoka All-Star Baseball wa Ethan Allen, mchezaji mstaafu wa ligi kuu ambaye baadaye alikuwa kocha wa Chuo Kikuu cha Yale (nahodha wake mmojawapo pale alikuwa George H. W. Bush, ndiyo, yule aliyekuja kuwa rais). Wa Allen haukuwa na dadu. Kila mchezaji alikuwa kisahani cha kadibodi kilichogawanywa vipande, unakiweka chini ya mshale, unauzungusha mshale, unasoma umesimama kwenye kipande gani. Kipande cha hom-rani cha Babe Ruth kilikuwa kipana kuliko cha karibu kila mtu, na hata mtoto asiyejua hesabu aliiona tofauti kwa macho.

Kisha akaja Hal Richman wa New York. Alianza kutengeneza mchezo wake akiwa na miaka 11, akaendelea kuurekebisha hadi ukubwani, na mwaka 1961 akautoa kwa jina la Strat-O-Matic, ukiwa na kadi 80 tu. Mwanzo ulikuwa mgumu. Inasimuliwa kwamba alimkopa baba yake dola 5,000 kwa sharti kwamba biashara ikibuma atakwenda kufanya kazi kwenye bima pamoja na mzee. Haikubuma, na ulimwengu wa bima ukampoteza mtu makini sana.

Kadi inasomwaje?

Chukua Strat-O-Matic. Unatupa dadu tatu, moja nyeupe na mbili za rangi nyingine. Nyeupe inakuambia usome kadi ya nani: 1, 2 au 3 ni safu tatu za kadi ya mpigaji; 4, 5 au 6 ni safu tatu za kadi ya mrushaji. Zile mbili unazijumlisha. Tuseme nyeupe imetoa 2, na nyingine zimetoa 4 na 3. Unakwenda kwenye kadi ya mpigaji, safu ya pili, mstari wa 7. Pengine pameandikwa hom-rani 1–8, besi mbili 9–20. Hapo unatupa dadu yenye nyuso ishirini. Ikitoa 8, uzio umevukwa. Ikitoa 9, mpira umegonga ukuta na mpigaji amesimama besi ya pili akipangusa vumbi.

Sasa tazama ujanja wake. Dadu mbili hutoa mchanganyiko 36, na jumla ya 7 hupatikana kwa njia sita wakati jumla ya 2 hupatikana kwa njia moja tu. Mtengenezaji akitaka kumpa mtu sifa kubwa anaiweka kwenye mstari wa 7. Akitaka kuitaja tu kwa adabu anaitupa kwenye 2 au 12. Safu tatu mara 36 ni nafasi 108 kwa kila kadi. Nusu ya mechi imo kwenye kadi ya mpigaji, nusu kwenye ya mrushaji. Mtoto wa miaka kumi aliyekaa na kadi hizi miezi michache anakuwa ameielewa hesabu ya uwezekano bila mwalimu kumshika sikio.

Kwenye APBA dadu ni mbili, nyekundu kubwa na nyeupe ndogo. Huzijumlishi, nyekundu ni makumi, nyeupe ni mamoja, kwa hiyo unapata namba kuanzia 11 hadi 66. Unaitafuta kwenye kadi ya mpigaji, kadi inakupa namba nyingine, na hiyo ya pili unaipeleka kwenye ubao wa hali iliyopo uwanjani: besi zote tupu, mtu yuko ya kwanza, watu wako ya kwanza na ya tatu, na kadhalika. Hali ziko nane. Inachosha mwanzoni. Baadaye huhitaji ubao. Mcheza APBA ukimnong'oneza "13" anajua mpigaji amekosa mara tatu na amekaa. "14" amepewa besi ya bure, maana mrushaji amerusha vibaya mara nne. Na 66, sita mbili zikitazama juu, ndiyo namba ambayo kadi ya mpigaji mkubwa huifichia hom-rani. Nimeona wanaume wenye mvi wakisimama kwenye kiti kwa sababu ya 66.

Warushaji wa APBA hupewa madaraja, A hadi D. Namba ambayo dhidi ya mrushaji wa D ni mpigo safi, dhidi ya wa A inageuka mpira uliodakwa.

Kati ya hiyo miwili, upi bora?

Swali hili limevunja urafiki. Mimi nacheza APBA nikiwa peke yangu kwa sababu inakwenda haraka, na Strat-O-Matic nikiwa na mpinzani kwa sababu mrushaji wako ana kadi yake mwenyewe ya kuogopewa. Asiyekubaliana na mimi ana haki, na amekosea.

Matokeo huwa sawa na ya kweli?

Kwa msimu mzima, huwa karibu sana. Kwa mechi moja, lolote linaweza kutokea, na hapo ndipo utamu ulipo.

Timu za ligi kuu siku hizi hucheza mechi 162 kila moja. Ukizirudia zote mezani kwa timu moja, na ukawatumia wachezaji kama kocha wao alivyowatumia, mpigaji wa .300 atamaliza kati ya .280 na .320 mara nyingi. Wastani huo, kwa asiyeujua, ni mipigo iliyofanikiwa kugawanywa kwa majaribio; .300 maana yake mitatu katika kumi, na huyo ni mtu hodari. Ted Williams alifikisha .406 mwaka 1941, na tangu hapo hakuna aliyemaliza msimu wa ligi mbili za sasa, American League na National League, akiwa na .400. Siku ya mwisho ya msimu ule angeweza kukaa benchi, maana namba zake zingekadiriwa juu kuwa .400. Akacheza mechi zote mbili za siku hiyo na kupiga mara sita katika nane.

Tatizo la kadi ni watu waliocheza kidogo. Bob Hazle aliitwa na Milwaukee katikati ya msimu wa 1957, akapiga .403 katika majaribio 134, watu wakambatiza jina la Kimbunga. Mwaka uliofuata kimbunga kilikatika, akauzwa kwa Detroit, na baada ya mwaka huo ligi kuu haikumwona tena. Lakini kadi ya Hazle wa 1957 haijui yajayo. Ukimwachia acheze kila siku atakuwa mfalme wa dunia. Ligi zote makini zina kanuni: mtu hatumiki kupita kiasi alichocheza kweli. Asiyefuata kanuni hii anaitwa majina ambayo sitayaandika hapa.

Kadi gani ndiyo ya kutisha kuliko zote?

Kwa warushaji, Bob Gibson wa 1968. Msimu ule aliruhusu wastani wa pointi 1.12 tu kwa zamu tisa, bila kuhesabu zilizotokana na makosa ya wenzake, na mechi 13 alizimaliza bila kuruhusu pointi hata moja. Warushaji walitawala mwaka ule kiasi kwamba katika American League mpigaji bora, Carl Yastrzemski, alimaliza na .301. Wakubwa wa ligi wakaamua yatosha: 1969 kile kilima anachosimamia mrushaji kilishushwa kutoka inchi 15 hadi 10. Kadi ya Gibson wa 1968 mezani ni kero. Unatupa dadu, dadu nyeupe inatoa 4, 5, 4, 6, unaingia kwenye safu zake na hutoki na kitu.

Ila kadi ninayoipenda mimi ni ya Mario Mendoza wa 1979, Seattle. Alipiga .198 na hom-rani moja mwaka mzima. Jina lake limebaki kuwa kipimo cha mpigaji dhaifu hadi leo. Hom-rani moja maana yake kadi lazima iwe na upenyo mdogo wa kuipata, na usiku mmoja meza yangu iliupata, dhidi ya Nolan Ryan. Nilizitazama zile dadu, nikaenda kunywa maji, nikarudi, bado zilikuwa vilevile.

Kwa nini watu wazima wanakumbuka mechi ambazo hazikuwahi kuchezwa?

Hili ndilo swali ninalolipenda, na nina jibu langu: ni kwa sababu waliziandika.

Runinga inakuonyesha, unatazama, unasahau. Mchezo huu haukuonyeshi chochote. Hakuna mpira, hakuna uwanja. Kuna namba kwenye kadi, na wewe lazima uitafsiri kuwa tukio, kisha uliandike kwa penseli kwenye kisanduku kidogo cha karatasi ya mechi, kisha mwisho ujumlishe. Kila mpigo umepita kichwani, mkononi, karatasini. Mtu aliyefanya hivyo akiwa na miaka 12 haisahau mechi hiyo kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa uwanja, mtangazaji, mwamuzi na mwandishi wa magazeti. Na ni yeye peke yake aliyeiona. Asipoikumbuka, haijawahi kuwapo.

Mzee aliyenipangisha chumba nilipokuja kusoma ndiye aliyenifundisha. Alikuwa na madaftari yake ya utotoni, ya miaka ya 1950, na ya kaka yake. Aliyafungua kwenye meza ya jikoni, akanionyesha ukurasa mmoja ambapo mpigaji wa mwisho kwenye orodha, mtu asiye na jina, alikuwa amepiga hom-rani ya kumaliza mechi. Pembeni, kwa mwandiko wa kaka mtu, penseli iliyokandamizwa hadi karatasi ikatoboka, palikuwa pameandikwa neno moja: UONGO. Chini yake, kwa mwandiko mdogo zaidi: Mama alishuhudia. Kaka alikuwa ameshafariki wakati huo. Mzee bado alikuwa akibishana naye.

Nimekaa na wengi wa rika lake tangu hapo. Mambo wanayoyataja hufanana: sauti ya dadu ndani ya kikombe cha plastiki, mama akifoka kwamba meza inahitajika kwa chakula, bahasha ya kadi mpya ikifika na posta mwishoni mwa majira ya baridi, siku ile inayongojwa kama Idi. Wapo waliokuwa wakisafiri hadi Glen Head, New York, kupanga foleni nje ya ofisi za Strat-O-Matic asubuhi ya baridi kali ili wawe wa kwanza kuzipata kadi za mwaka. Wanaume wenye watoto na mikopo ya nyumba, wamevaa makoti mazito, wanasubiri karatasi.

Mnacheza peke yenu? Si mtu atajipendelea?

Wengi hucheza peke yao, na mtihani wa tabia uko hapo. Umeipangia kikosi timu unayoipenda na timu unayoichukia, dadu zimeanguka vibaya, hakuna anayekuona. Ukizitupa tena umeua kila kitu, maana daftari zima sasa ni porojo. Wanaodumu kwenye mchezo huu ni wale ambao hawakuzitupa tena.

Zipo ligi za watu wengi pia, za ana kwa ana na za masafa. Kabla ya intaneti ligi za masafa zilikwenda kwa posta. Kocha anayesafiri alimwandikia mwenyeji barua yenye maelekezo: mrushaji fulani akichoka ingiza fulani, fulani asijaribu kuiba besi dhidi ya mdakaji yule, zamu ya nane tukiwa nyuma tumia mpigaji wa akiba. Mwenyeji alicheza mechi, akajaza karatasi, akairudisha kwa posta. Uliamini karatasi ya mtu usiyewahi kumwona. Kuna urafiki wa miaka 40 uliojengwa hivyo, na watu hao wakakutana kwa mara ya kwanza kwenye harusi au msiba.

Wachezaji Weusi waliozuiwa wamo?

Sasa wamo. Hadi Jackie Robinson, mchezaji Mweusi, alipoingia timu ya Brooklyn mwaka 1947, ligi kuu ziliwafungia mlango Wamarekani Weusi, na wao walicheza kwenye ligi zao, Negro Leagues. Kwa miaka mingi mchezo wa mezani haukuweza kuwatengenezea kadi za kuaminika kwa sababu takwimu zao zilikuwa zimetawanyika kwenye magazeti ya zamani ambayo hayakuchapisha kila mechi. Watafiti walikaa na magazeti hayo, ukurasa kwa ukurasa, na mwaka 2009 Strat-O-Matic ikatoa seti ya nyota zaidi ya 100 wa ligi hizo: Satchel Paige, Josh Gibson, Oscar Charleston, Cool Papa Bell.

Niseme wazi kwamba hii ndiyo seti iliyonishika zaidi kuliko zote. Michezo mingine ya mezani inarudia yaliyotokea. Hii inachezesha yaliyokatazwa. Unamweka Josh Gibson mbele ya Lefty Grove, mrushaji Mzungu wa ligi kuu, unatupa dadu, na unapata jibu ambalo sheria za wakati ule zilikataa hata kuulizwa. Ligi kuu yenyewe ilichukua muda: ilizitambua Negro Leagues kuwa ligi kuu Desemba 2020, na takwimu zake zikaingizwa kwenye vitabu rasmi Mei 2024. Josh Gibson sasa ndiye mwenye wastani wa juu kabisa wa maisha ya uchezaji (.372 zilipoingizwa), akimpita Ty Cobb. Wenye kadi tulikuwa tumeshazoea kumwogopa.

Ni kweli mchezo huu uliwahi kuchukua nafasi ya ligi?

Zaidi ya mara moja. Mwaka 1981 wachezaji waligoma katikati ya msimu na mechi ya nyota wote iliyopangwa Julai huko Cleveland haikuchezwa siku yake. Siku hiyo mechi ya nyota ikachezwa kwa Strat-O-Matic ndani ya uwanja uleule mtupu.

Mwaka 1994 mgomo ulianza tarehe 12 Agosti na msimu haukurudi, fainali zikafutwa. Montreal Expos walikuwa na rekodi bora kuliko timu zote, 74 kwa 40. Tony Gwynn alikuwa kwenye .394. Meza nyingi zimeumaliza msimu ule tangu hapo, kila moja kivyake, na kwenye baadhi ya meza Gwynn alivuka .400. Kwenye yangu hakuvuka, aliishia .389, na nilichukia.

Mwaka 2020, gonjwa la korona lilipoahirisha ufunguzi, Strat-O-Matic ikawa inatoa matokeo ya mechi za kila siku kwa kompyuta kama vile ligi inaendelea. Watu waliojifungia ndani walikuwa wakisoma matokeo ya mechi za hewani asubuhi, wakikasirika kweli.

Ni kamari?

Mama yangu, Tanga, aliposikia kwa simu kwamba mwanawe anacheza dadu usiku na mzee wa Kizungu, alikaa kimya kidogo kisha akaniuliza kama bado naswali. Nikamweleza: hakuna dau, hakuna fedha, hakuna wa kuliwa. Akasema, "Basi mnachezea nini, mwanangu?" Swali zuri.

Wapo wanaojiepusha na dadu zenyewe hata pasipo dau. Kwao ipo njia: mshale wa Ethan Allen niliousema, au Statis Pro, uliochapishwa na Avalon Hill, unaotumia pakiti ya kadi za kuchanganya na kufunua badala ya dadu.

Ni sawa na fantasy tunayocheza ya Ligi Kuu ya Uingereza?

Ni binamu. Fantasy inategemea wachezaji watakachofanya wikiendi ijayo. Kadi inategemea walichokwisha fanya. Fantasy ya besiboli kwa sura tunayoijua leo ilianzishwa na Daniel Okrent na wenzake mwaka 1980, waliokutana kwenye mkahawa wa La Rôtisserie Française, New York, ndiyo maana ligi yao iliitwa Rotisserie. Tofauti kubwa ni kwamba kwenye fantasy hufanyi uamuzi wa mwisho wa kocha. Kwenye kadi, zamu ya tisa, mtu yuko besi ya tatu, wewe ndiye unayeamua.

Kuna watu maarufu walioucheza?

Mwandishi wa riwaya Jack Kerouac alibuni wa kwake akiwa kijana huko Lowell, Massachusetts, wenye kadi, timu za kubuni zilizopewa majina ya magari, kama Pittsburgh Plymouths, na taarifa za habari za ligi alizoziandika mwenyewe. Karatasi hizo zimehifadhiwa Maktaba ya Umma ya New York. Doug Glanville alicheza Strat-O-Matic utotoni, kisha akafika ligi kuu kweli na kupata kadi yake mwenyewe. Huyo ndiye tunayemwonea wivu.

Kompyuta haijauua?

Haijauua. Strat-O-Matic na APBA zote zina matoleo ya kompyuta, na Mjerumani Markus Heinsohn alianzisha Out of the Park Baseball mwaka 1999, inayokwenda mbali zaidi kwa hesabu. Inacheza msimu mzima kwa dakika chache. Ndiyo shida yake kwangu: sikumbuki chochote.

Niko Afrika Mashariki. Naanzaje?

Besiboli yenyewe ipo: mwaka 2012 vijana wa Lugazi, Uganda, walikuwa timu ya kwanza ya Afrika kucheza Fainali za Dunia za Little League, besiboli ya watoto, hapa Williamsport. Mwaka mmoja kabla, timu ya Kampala ilikuwa imefuzu ikanyimwa viza.

Kwa mchezo wa mezani, kusafirisha sanduku kutoka Marekani ni gharama. Tengeneza wako. Takwimu ziko bure kwenye tovuti za Retrosheet na Baseball-Reference. Chukua dadu mbili za rangi tofauti, soma 11 hadi 66, una matokeo 36 yenye uzito sawa. Mpigaji wa .306 mpe mipigo 11 kati ya 36. Kati ya hiyo 11, gawa hom-rani, besi mbili na besi moja kwa uwiano wa msimu wake. Yaliyobaki ni kutolewa. Hapo hujaweka besi za bure wala ubora wa mrushaji, lakini una mchezo unaochezeka jioni hiyohiyo, kwa gharama ya daftari na kalamu.

Nimepata seti kuukuu, kadi zimepungua. Niitupe?

Usitupe. Kwanza angalia ni za mwaka gani. Baadhi ya seti za zamani za APBA na Strat-O-Matic zinatafutwa sana na wakusanyaji, na hata pungufu zina mnunuzi. Zihesabu timu kwa timu. Ikikosekana kadi ya mchezaji wa benchi, mtengenezee kwa mkono kwa njia niliyoeleza hapo juu. Ikikosekana ya nyota, tafuta toleo lililochapishwa upya, maana kampuni zote mbili zimekuwa zikirudia misimu ya zamani. Na ukikuta ndani ya sanduku karatasi za mechi zilizojazwa kwa penseli na mtu usiyemjua, usizitenganishe na kadi. Zisome kwanza.